Toyota 86: vipuri halisi vya mtumba au vipya vya watengenezaji wengine?

Kwa mwenye Toyota 86, gari la michezo la milango miwili lililoanza kuuzwa mwaka 2012 baada ya Toyota na Subaru kuliunda kwa ushirikiano, swali la kununua vipuri halisi vilivyotumika Japani au vipya vya watengenezaji kama Tein na Cusco hurudi kila mara.

Kwa bei, mtumba hushinda, hasa kwa milango na giaboksi, kwa kuwa vipuri vingi vya Subaru BRZ, gari pacha la 86 linalouzwa na Subaru, hufunga bila kukatwa wala kuchomelewa. Uimara ni suala gumu zaidi: shokomzoba iliyotumika huweza kuonekana safi kwa nje ilhali imekwisha kwa ndani, na pedi za breki za mtumba sizipendekezi kwa yeyote, kwani hapo uhai ndio unaowekwa rehani.

Shokomzoba mpya za kurekebishwa urefu huliwezesha gari kushushwa na kutulia kwenye kona, lakini nyuzi zake za skrubu, zinazotumika kubadilisha urefu, huhitaji kusafishwa vumbi na chumvi, na ulinganifu wa magurudumu (alaimenti) hupimwa upya kila urefu unapobadilishwa. Anayepita kila siku kwenye matuta na mashimo atafaidika zaidi na urefu wa kiwandani. Anayeliendesha kwenye uwanja wa mbio ataona thamani ya fedha yake katika zile mpya.