Azuraiti, malakaiti na bluu ya Misri: uzoefu wangu na rangi za shaba za kizamani

Jamani hizi rangi ni nzuri, acha nianze na hilo. Niliagiza unga wa kuchorea wa azuraiti na malakaiti (mawe yenye shaba, la kwanza bluu, la pili kijani) na wa bluu ya Misri kutoka duka moja la Ulaya, na kama na wewe unataka kuagiza angalia kwanza ukubwa wa chembe kabla hata ya bei. Azuraiti ya chembe kubwa ni bluu nzito kabisa, ya chembe ndogo inapauka mpaka inakuwa kama anga la asubuhi, na hapo ni jiwe lile lile hawajachanganya kitu. Kwa hiyo ukiipata ile kubwa usiisage tena kwenye kioo kama tunavyofanya rangi zingine, utaiua. Wajapani mpaka leo wanaiuza kwa namba kufuatana na chembe.

Kuipaka ni kazi lakini. Mi natumia gundi ya arabiki na maji, chembe zinazama chini ya kibakuli saa hiyo hiyo, inabidi ukoroge kila ukichovya brashi, halafu unapaka tabaka juu ya tabaka, gundi ikiwa kidogo ukipitisha kidole inatoka yote. Ila ikikauka iweke karibu na dirisha uone inavyometameta! Rangi ya tyubu haikupi hiyo.

Malakaiti ni kijani kilichopoa, anayetaka kijani cha kupiga kelele hii simshauri. Kwa majani ya migomba na maji ya bahari yenye kina kifupi mi naipenda sana.

Bluu ya Misri sio jiwe, inapikwa: mchanga, chokaa, shaba na magadi, moto wa nyuzi kama 900, na Wamisri walikuwa wanaijua zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Ukiimulika taa ya kawaida inatoa mwanga wa infraredi ambao jicho halioni ila kamera maalumu inauona, na ndivyo British Museum, makumbusho ya London, walivyoikuta mwaka 2009 kwenye mkanda wa sanamu ya Iris, mungu wa kike wa Wagiriki, kutoka hekalu la Parthenon, sanamu ambayo kwa macho ni jiwe jeupe tu. Hii kitu imenifurahisha mno.

Kijani kinachotengenezwa kwa shaba na siki dukani walikuwa nacho, sikuchukua. Kinakula karatasi, ramani nyingi za zamani zimepasuka pale pale palipopakwa kijani.

Vumbi la rangi hizi zote ni sumu, vaa barakoa na usitumie vyombo vya jikoni. Lawama yangu ni ufungaji, pakiti ya azuraiti ilifika imechanika kona, na kwa bei ile inauma.

Azuraiti nitaagiza tena. Malakaiti hapana, jiwe limejaa Katanga, hapo Kongo, halafu tulizungushe Ulaya? Aliyeko Kolwezi au Likasi anayejua wanaouza vipande vidogo vidogo aniambie, nitaponda mwenyewe.