The Raid au John Wick: uanze na ipi?

Banda umiza (kibanda cha kuonyeshea video) la mtaani kwetu Manzese hujaa kwa filamu hizi zote mbili za mapigano, na zote zina dakika 101. Mimi ningeanza na The Raid (2011). Polisi wanavamia ghorofa la wahalifu Jakarta, wanafungiwa ndani, basi. Mwongozaji Gareth Evans anamwonyesha steringi Iko Uwais akipiga silat, mapigano ya Kiindonesia, mwili mzima, kila kiwiko unakiona kinapotua. Kuna pale amejificha nyuma ya ukuta, panga linapenya na kumchana shavu. Linapovutwa, analifuta damu asijulikane yupo. Banda zima kimya! Ila hadithi ni nyepesi mno. Askari wenzake wanakufa hata majina yao hujayashika.

Hapo John Wick (2014) inaizidi. Mke marehemu amemwachia steringi, Keanu Reeves, mbwa mdogo, wahuni wanamuua, na hasira zake zinakuwa zako. Mwongozaji Chad Stahelski, aliyemwigizia Reeves matukio ya hatari kwenye The Matrix, anajua kupanga mapigano ya bastola. Lakini pambano la mwisho, mvuani, na yule mzee bosi wa wahalifu? Halina presha kabisa.

Watoto wasiwepo. Damu ni nyingi kotekote.