Alfa-pinini asilia: harufu ya msonobari katika chupa ya mililita 30

Chupa ya alfa-pinini asilia niliyoinunua kwa ajili ya kuchanganyia manukato ina kimiminika kisicho na rangi, chepesi kama spiriti. Ukifungua kifuniko, hukujia kwanza ukali wa utomvu mbichi, ule unaonata vidoleni gome la msonobari likichanwa, kisha ubaridi mkavu unaokaribia wa kafuri. Kiungo hiki hutolewa katika tapentaini, mafuta yanayopatikana utomvu wa misonobari unapokenekwa, na hutengwa kwa kukenekwa tena, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzijoto 155 hivi.

Nilitia tone moja kwenye ukanda wa karatasi, na kabla ya saa moja kwisha harufu ilikuwa imekwisha kabisa. Sioni kuwa hiyo ni kasoro, kwani kazi yake ni kufungua manukato, wala si kuyashikilia. Anayetarajia msitu mzima, hata hivyo, hataupata humu: ule utamu wa majani mabichi ya misonobari na jamii zake hutokana zaidi na bornili asetati, kiungo kingine cha manukato, ambayo atalazimika kuinunua peke yake.

Nilifurahi zaidi nilipoitia kwenye mchanganyiko wa ubani. Mafuta ya ubani wa Dhofar, Oman, yenyewe yana alfa-pinini kwa wingi, na ndiyo sababu punje ya ubani ikisuguliwa kiganjani hutoa harufu ya msonobari na limau kabla haijafika kwenye chetezo. Sehemu tatu tu katika mia zilitosha kuurudishia mchanganyiko wangu uchangamfu huo, bila mtu kuhisi kwamba kuna kitu kimeongezwa. Kwenye udi haikufaa. Ilisikika kando, kama dawa.

Lawama yangu ni kwa muuzaji, ambaye hakuandika kwenye lebo tarehe ya kutengenezwa wala kiwango cha peroksidi, yaani kemikali zinazojitokeza kiungo kinapoharibiwa na hewa. Hilo si jambo dogo, kwa sababu alfa-pinini ikikutana na hewa hubadilika taratibu, na iliyoharibika hivyo inaweza kuifanya ngozi ipate mzio. IFRA, shirika la kimataifa la manukato, linataka mazao ya misonobari yatumiwe peroksidi zikiwa chini ya milimoli 10 kwa lita, na mnunuzi asiyepewa namba hiyo hana njia ya kuipima nyumbani. Aidha, mvuke wake huweza kushika moto ukikutana na cheche kwenye nyuzijoto 33 hivi, joto ambalo Dar es Salaam hulijua vizuri mchana wa Februari, nayo lebo haikutoa onyo lolote.

Kiungo chenyewe nakipa alama za juu, na nitakinunua tena, ila kwa chupa ya mililita 10 na baada ya kuoneshwa cheti cha vipimo. Iliyobaki nimeihamishia kwenye vichupa vya kioo cheusi, nikavijaza hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, na nimeviweka mbali na jiko.