RAM ya kuchomeka na RAM ya kuchomelewa: laptopu mpya za bei ya chini, nilivyozipanga mimi

Fundi aliigeuza laptopu kifudifudi, akatoa skrubu moja moja akizipanga kwenye kifuniko cha soda, akang'oa mfuniko, akachungulia. Akanyamaza. Kisha akanirudishia mkononi kile kijiti cha RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huifanyia kazi) nilichokuwa nimempelekea.

"Dada, hapa hakuna pa kukichomeka. Hii imechomelewa."

Ilikuwa na miezi minne tu. Niliinunua Kariakoo, mpya, boksi halijaguswa, shilingi 620,000, kwa ajili ya stesheneri yangu. Kampuni iliyoitengeneza silitaji jina, wala duka. Kwamba ina RAM ya GB 4 nilijua tangu siku ya kwanza na sikujali, kwa sababu winga aliyenidaka Msimbazi na kunifikisha dukani aliniapia, "Dada yangu, hii inaongezeka mpaka 16." Nikafikiri kama tunavyojenga nyumba zetu: nianze na chumba na sebule, vingine nitapandisha pesa ikipatikana. Kumbe nimeuziwa nyumba iliyokula kiwanja chote.

Mambo yalinikuta dirisha la maombi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, ya HESLB, lilipofunguliwa. Waliowahi kukaa stesheneri msimu ule wanaelewa. Kijana mmoja ana cheti cha kuzaliwa cha kuhakikiwa RITA, wa pili kasahau nywila ya barua pepe, wa tatu anataka barua ya mtendaji iskaniwe na ipunguzwe ukubwa. Kivinjari kina kurasa tisa, WhatsApp ya kwenye kompyuta iko wazi kwa sababu watu wote wanatuma nyaraka huko, Word iko wazi, programu ya skana iko wazi. Mashine inaganda. Kimshale kinageuka kiduara, kiduara kinazunguka, foleni inaanza kuguna. Siku mbili tatu namna hiyo nikaona wateja wangu wanavuka barabara kwenda kwa jirani mwenye kompyuta ya mezani ya zamani kuliko mtoto wangu wa kwanza.

Kwa hiyo mwongozo huu hauna habari za rangi, wala wembamba, wala kamera. Betri nayo sitaigusa, kila duka litakwambia saa nane na kila duka litakuwa limezidisha. Nina swali moja ambalo wauzaji hawalipendi: RAM yake ni ya kuchomeka au imechomelewa?

RAM ya kuchomeka ni kijiti kinachokaa kwenye tundu lake. Unakibana, unakichomoa, unaweka kikubwa zaidi. Ya kuchomelewa ni chipu zilizounganishwa moja kwa moja kwenye bodi kiwandani. Watengenezaji wana sababu zao, maana RAM za namna hiyo mara nyingi hula umeme kidogo na huruhusu mashine iwe nyembamba. Sawa. Lakini mnunuzi wa bei ya chini ndiye hasa anayenunua kidogo leo akitegemea kuongeza kesho, na ndiye anayefungiwa mlango. Kuna jambo la pili ambalo fundi wangu ndiye aliyenifungua macho. Kijiti kikifa, unanunua kijiti. Chipu iliyochomelewa ikifa, unatafuta fundi wa kubadilisha chipu, au unanunua bodi nzima, na bodi ya laptopu ya bei ya chini mara nyingi hailipi kuinunua.

Na GB 4 hazitoshi, tusidanganyane. Ni kweli Microsoft wameandika kuwa Windows 11 inahitaji angalau GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi. Hicho ni kiwango cha mashine kuwaka tu. Kwenye laptopu hizi picha za kwenye kioo nazo huchota RAM hiyo hiyo, kwa hiyo unachobakiwa nacho ni pungufu hata kabla hujafungua chochote. Atakayekushauri urudi Windows 10 kwa kuwa ni nyepesi, mkumbushe kuwa Microsoft walisitisha huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Utajuaje ukiwa dukani? Kama mashine imewashwa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka nenda Performance, kisha Memory, utafute chini mstari wa "Form factor". Ukisomeka SODIMM, mara nyingi ni kijiti. Ukisomeka "Row of chips", imechomelewa, yote au sehemu; kama unataka ya vijiti vitupu, aga kwa heshima uondoke. Mstari wa "Slots used" nao unasaidia, kwani 1 of 2 ina maana kuna tundu lililo wazi. Usiuamini peke yake lakini. RAM iliyochomelewa huweza kujihesabu kama matundu ikaandika 2 of 2 au 4 of 4, ukadhani kuna vijiti vya kung'oa. Kama boksi halijafunguliwa na muuzaji anakunja uso, soma namba kamili ya modeli kwenye stika ya boksi. Sisemi jina kubwa la mbele, nasema namba yote mpaka herufi ya mwisho. Lenovo wana tovuti yao ya PSREF ambapo modeli iliyofungwa kabisa huandikwa wazi kuwa "Memory soldered to systemboard, no slots". HP nao huweka mtandaoni vitabu vya matengenezo vya mashine zao, vyenye picha za kila skrubu. Dakika tano na bando kidogo.

Sasa orodha, na niseme kabisa nisije nikaambiwa nimehongwa: mimi ni mtu wa HP. Mashine ya kwanza ya stesheneri ilikuwa HP, ikala vumbi la Mbagala miaka sita. Hakuna aliyenilipa, ningelipwa ningekuwa na printa mpya.

Ya kwanza kwangu ni HP 250 G9 yenye prosesa ya Core i3-1215U. Ni kizazi cha 12 cha Intel, ina viini sita, na la maana kuliko yote ina matundu mawili ya RAM za aina ya DDR4. Ukiinunua na kijiti kimoja cha GB 8, tundu la pili linakusubiri. Na ukichomeka cha pili mashine inachangamka kuliko unavyotarajia, kwa sababu prosesa inasoma vijiti viwili kwa mpigo na picha nazo zinapata nafuu. Urembo haina. Plastiki tupu, na matoleo ya bei ya chini yana kioo hafifu ambacho ukikaa barazani mchana unajiona sura yako. Bawaba zake uziheshimu, fungua kwa kushika katikati. Nilitajiwa bei tatu kwenye mtaa mmoja: 1,150,000, 1,080,000 na 990,000, kitu kile kile. Ninayo, na ndiyo ninayoandikia haya.

Angalizo kwa wenzangu wa HP: msikimbilie nembo. HP 255 G10 inauzwa kwa jina moja ikiwa na matumbo mawili tofauti. Yenye prosesa ya Ryzen 5 7530U ina matundu, yenye Ryzen 3 7320U imechomelewa. Muuzaji atakwambia "ni ile ile dada, hii bei nafuu tu."

Ya pili, Dell Inspiron 15 3520. Prosesa ile ile ya i3-1215U inapatikana, matundu mawili yapo. Nyingi huja na kioo cha 120Hz, yaani kinachobadilisha picha mara 120 kwa sekunde, kitu ambacho stesheneri haina kazi nacho. Kwa nini basi isiwe ya kwanza? Kwa sababu si HP. Anayeipata kwa bei nzuri zaidi aichukue, sitamnunia.

Halafu kuna za nusu kwa nusu, kama Lenovo V15 G3 IAP na Asus Vivobook 15 X1502ZA: sehemu ya RAM imechomelewa na tundu moja limeachwa. Kama iliyochomelewa ni GB 8, nunua bila wasiwasi. Kama ni GB 4, shusha bei kwanza, kisha uhesabu gharama ya kijiti.

Za nne ndizo zilizojaa madukani sasa hivi, na ndizo zinazowachanganya watu. Lenovo IdeaPad 1 15AMN7, Acer Aspire 3 A315-24P, Asus Vivobook Go 15 E1504F. Zote hupatikana na Ryzen 3 7320U, na prosesa hii inakubali RAM za LPDDR5 tu, aina inayochomelewa kwenye bodi, kwa hiyo imechomelewa popote utakapoikuta. Halafu tazama jina lake. Ile 7 ya mwanzo, kwa mpangilio wa AMD, watengenezaji wake wenyewe, inasimama kwa mwaka 2023. Muundo wa ndani unaonyeshwa na tarakimu ya tatu, ambayo ni 2, maana yake Zen 2, kizazi kilichoanza 2019. Vazi la Idi juu ya mtu yule yule. Kwa kuandika barua na kuvinjari haina ubaya, ila nunua ya GB 8 au 16, kwa sababu utakayotoka nayo dukani ndiyo utakayokaa nayo mpaka mwisho.

Zenye GB 4 na hifadhi ya eMMC (chipu ya bei rahisi ya kuhifadhia mafaili) ya GB 64, ikiwemo HP Stream, hata kama ni HP yangu mwenyewe: hapana. Hifadhi hiyo nayo imechomelewa. Masasisho mawili matatu ya Windows na imejaa.

Msiniandikie kuhusu mtumba. Najua Lenovo ThinkPad T480 na HP EliteBook 840 G5 zina matundu mawili na bei ni nusu. Leo naongea na wanaotaka mpya, wenye barua ya ofisi inayosema "mpya" au wazazi waliokwishaumizwa na betri za mtumba.

Kinachonikera ni bei za vijiti vyenyewe. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM zimepanda dunia nzima, kwa kuwa viwanda vinavyozitengeneza vimegeukia kuhudumia vituo vya data vya akili mnemba. Micron walitangaza Desemba 2025 kuwa wanaachana na Crucial, nembo yao ya kuuzia watu wa kawaida kama mimi na wewe. Nilichonunua kwa 55,000 nimekitafuta tena juzi, nikatajiwa 130,000, na aliyenitajia hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. Nikauliza kwa nini. "Dola, mama." Kila kitu Kariakoo ni dola, hata siku dola ikishuka.

Na cha juu cha winga je? Yeye si mwenye duka, mzigo haujui, waranti hamiliki, ila ndiye anayejua "inaongezeka mpaka 16." Ukirudi na lawama humpati, na mwenye duka anakuuliza, "Nani alikwambia hivyo?" Halafu unaambiwa bei mbili, yenye risiti ya EFD na isiyo na risiti. Mimi nilichukua isiyo na risiti. Niliokoa 40,000, na siku ya ugomvi nilikuwa na kikaratasi cha mkono kilichogongwa muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Sasa kabla sijalipa namwambia muuzaji aandike kwenye risiti yenyewe, "RAM matundu mawili." Wawili walikataa. Wa tatu, yule wa 990,000, akaandika.

Kile kijiti cha GB 8 kilikaa miezi kadhaa kwenye droo pamoja na pini za stepla. Ni DDR4. Nilipoleta HP nikampelekea fundi yule yule. Safari hii akahangaika kidogo, maana skrubu nyingine zilikuwa zimefichwa chini ya mipira ya miguu, lakini kikaingia, tak. Shilingi 5,000 ya ufundi. Akaniuliza ile nyingine nimeipeleka wapi. Nikamwambia iko nyumbani, watoto wanaangalia katuni, na ikiganda mdogo anaipiga kofi.