Nimejibu Shajara ya Maswali kwa Siku 71: Hela Yake Ipo?

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo hakuna simu wala blenda. Leo nina hiki hapa mkononi, ngoja nikisogeze mkione. Kwenye daladala dada mmoja alidhani ni Biblia ndogo, akaniuliza nasali kanisa gani. Ni shajara. Ila si ile ya kurasa tupu. Hii kila ukurasa una maswali, kazi yako ni kujibu. Matatu asubuhi, mawili usiku, na katikati kuna duara la kufuata kwa kidole huku unavuta na kutoa pumzi. Lengo lake ni kukufundisha kuwa pale ulipo. Yaani ukiwa unakula, uwe unakula kweli, si kula huku kichwa kiko kwenye kodi ya mwezi ujao.

Nimeitumia siku 71. Video za kusifia kitu baada ya siku tatu zimetuchosha wote.

Nimeinunua Kariakoo kwa 35,000, baada ya kubembeleza sana. Muuzaji akaniambia, "Dada yangu, andika siku 21 tu, akili inatulia yenyewe." Na jaladani, someni hapa, pameandikwa hivyohivyo, siku 21. Mimi hapo nakataa. Kuna utafiti wa University College London, ulichapishwa mwaka 2010, ukiongozwa na Phillippa Lally. Walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja amechagua jambo dogo la kufanya kila siku. Kwa waliofuatika vizuri, ilichukua siku 66 hivi, ukichukua wa katikati, mpaka jambo lijiendee lenyewe. Wa haraka siku 18, na wa mwisho alikadiriwa kufika 254! Kwa hiyo ukifika siku ya 21 na bado unaiona shajara kama dawa ya minyoo, huna tatizo. Mimi nilikuwa hivyohivyo.

Na kitu kingine kwenye utafiti huohuo: kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Hapa naipa shajara hii alama zake, maana kurasa hazina tarehe. Niliruka siku nne za msiba kijijini, nikarudi nikaendelea pale nilipoishia. Ingekuwa na tarehe, zile kurasa nne tupu zingenisuta mpaka leo.

Haya, maswali yenyewe. Yako kwa Kiingereza, nawatafsiria. La kwanza kila asubuhi: taja vitu vitatu unavyovishukuru. Siku ya kwanza nikaandika afya, familia, kazi. Siku ya pili, afya, familia, kazi. Siku ya tisa nikarudi nyuma kukagua, angalieni, afya familia kazi, afya familia kazi, mara tisa! Bora ningechonga muhuri. Swali unaloweza kulijibu ukiwa umelala halikuamshi. Sisemi kushukuru ni kubaya, jamani, msije kunipiga kwenye maoni. Nasema swali lilelile kila asubuhi linakufa mkononi.

Sasa linganisheni na hili la usiku, ukurasa wa 24: taja sauti moja uliyoisikia leo kabla ya saa nne asubuhi. Basi! Nikakaa na kalamu kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Nilikuwa nimeamka saa kumi na moja, nimepanda gari mbili, nimefika kazini, na sikuwa na sauti hata moja. Kesho yake, bila hata kuifungua shajara, nikawa natega sikio tangu kitandani. Nikaisikia chapati ya jirani ikigeuzwa, ile tsss, halafu kijiko kinagonga ukingo wa kikaango mara mbili. Mama yule hugonga mara mbili kila siku, na mimi nimeishi pale miaka mitatu bila kujua.

Hapo ndipo nilipoielewa bidhaa hii. Kalamu unaishika dakika tano tu usiku, lakini swali zuri limeshakufanyia kazi tangu asubuhi. Shida ni kwamba maswali ya namna hiyo nimeyahesabu, ni 19 tu kati ya kurasa zote. Mengine ni muhuri.

Kuna ukurasa unakuambia uchukue zabibu kavu moja, uitazame, uinuse, uile polepole sana. Zoezi hilo linajulikana kutoka kwenye mafunzo ya wiki nane aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Mimi ndani sikuwa na zabibu, nilikuwa na ubuyu wa Zanzibar. Punje moja. Kwanza sukari, halafu pilipili inakuja kwa nyuma, halafu ule unga unakwisha unabaki na mbegu ngumu ulimini. Nilizoea kutafuna pakiti nzima nikiwa kwenye simu. Punje ile moja ilinichukua dakika kama nne, na vidole vikabaki vyekundu. Zabibu wabaki nayo.

Lugha sasa. Siku 15 za mwanzo nilijibu kwa Kiingereza kwa sababu maswali ni ya Kiingereza. Nikisoma leo, naona barua ya kuomba kazi. Kila kitu kizuri, najifunza, nakua. Siku ya 16 nimechoka, nikaandika kwa Kiswahili: "Nimemjibu mama vibaya kwenye simu na hakunikosea." Mstari mmoja. Nikampigia usiku uleule.

Tahadhari moja, na hii niko serious kabisa. Ukurasa wa 33 unakuuliza, usiku, uandike jambo lililokuumiza kuliko yote maishani. Mwanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha mwaka 1986 utafiti wa wanafunzi walioandika machungu yao dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda kliniki mara chache zaidi miezi iliyofuata, lakini mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Shajara hii haikuambii hilo. Inakuachia jeraha wazi saa nne usiku, umelala peke yako. Mimi niliruka. Kama una jambo zito, anza na mshauri nasaha au mtu unayemwamini, daftari lifuate.

Ubora wa kitu chenyewe: karatasi ni nzito, kalamu ya wino wa jeli haivuji upande wa pili. Gundi ndiyo aibu. Siku ya 40 kurasa zikaanza kutoka, tazameni, hili fungu lote nimelibana na pini. Kwa 35,000! Nilirudi dukani, nikaambiwa nimeifungua sana. Shajara, nimeifungua sana.

Kwa hiyo hela yake ipo? Kama hujawahi kuandika chochote na ukurasa mtupu unakutisha, inakusukuma, nunua ila bembeleza zaidi yangu. Kama unaandika tayari, hapana. Mimi nimeyanakili yale maswali 19 kwenye kauntabuku, hili hapa, 4,000, limeshonwa kwa uzi. Nimeyaandika kwa Kiswahili na nimeongeza yangu. La jana lilikuwa: nani amekusalimia leo ukamjibu bila kumtazama? Jibu langu nasogeza kamera msome wenyewe, mwandiko mtanisamehe, umeme ulikuwa umekatika.