Maktaba ya hospitali: ukae na mkutubi au ujifunze mwenyewe mtandaoni?

Muuguzi wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, anayerudi kusomea shahada hukutana na swali hili mapema: kutafuta makala za utafiti na kuandika marejeo ajifunzie wapi? Gharama haiamui kitu: kikao na mkutubi wa hospitali ni bure, na masomo mengi ya mtandaoni hufunguka bila malipo.

Tofauti ipo kwenye muda. Mkutubi anataka miadi, na zamu ikibadilika miadi imekufa. Somo la mtandaoni unalifungua hata saa nane usiku.

Ila somo halioni kosa lako. Unaandika "bedsore" (kidonda cha kulala kitandani muda mrefu) peke yake, makala zinakuja chache, unadhani hakuna utafiti. Mkutubi anaongeza "pressure ulcer" na "pressure injury", majina mengine ya kidonda hicho, anayaunganisha kwa OR ("au") ya herufi kubwa, kisha anakuonyesha nurs* inavyokamata nurse na nursing kwa mpigo.

Kwa marejeo, mtandao unatosha. Fuata tu mwongozo wa chuo chako, maana Harvard, mtindo wa kuandika marejeo, ya chuo hiki si ya kile.

Aliyekaa miaka kumi bila kuandika insha aanze kwa mkutubi, swali lake likiwa limeandikwa. Wa zamu za usiku anayejua kutafuta aanzie mtandaoni.