Lenzi ya mkono ya mara 10: nilivyoitumia chini ya mikorosho ya chuo, Mtwara

Kama unafundisha biolojia chuoni na fedha iliyopo inatosha kitu kimoja tu, nunua lenzi za mkono kabla ya kuongeza hadubini. Nimezitumia msimu mzima wa maua chini ya mikorosho iliyomo ndani ya uzio wa chuo chetu, na sasa kipindi cha ikolojia sikifundishi tena ndani ya kuta.

Ni lenzi za kukunja, zinakuza mara 10, kioo halisi, zinajificha ndani ya kifuniko cha chuma. Niliziagiza Kariakoo zikaja kwa basi, kila moja chini ya shilingi 20,000. Wanafunzi wawili wanatosheka na moja: huyu anatazama, mwenzake anaandika.

Utamu uko kwenye maua. Shada moja la mkorosho lina maua dume na maua yenye jinsia zote mbili, na ni haya ya pili tu yanayoweza kuzaa korosho. Kwa macho matupu utayapita. Ukiweka lenzi unaona kama pistili, yaani sehemu ya kike ya ua, imesimama au imedumaa, basi hesabu inaanza. Wanafunzi walifunga nyuzi za rangi kwenye matawi ya pande zote nne za mti, wakawa wanahesabu kila wiki. Mmoja wao ameugeuza mchezo huo kuwa utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Uzuri wa eneo la chuo ni huo: mti upo palepale, na darasa la mwakani litahesabu matawi yaleyale.

Kisha kuna mbu wa mikorosho, Helopeltis, anayefyonza machipukizi na kuacha madoa meusi. Mgongoni ana kijiti kilichosimama kama pini, na mayai yake huyadidimiza ndani ya chipukizi laini, kila yai likabaki linachomoza nyuzi mbili nyembamba. Hizo nyuzi darasa zima lilizitafuta kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwenye mchoro wa ubaoni.

Siku hiyo mzee anayetunza bustani alisimama kututazama.

“Mwalimu, mnatafuta nini humo?”

“Mayai ya mbu, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Basi nendeni ule mti wenye maji moto, mkaulinganishe na huu.”

Tukaenda. Maji moto, wale chungu wanaoshona majani kuwa viota, wanauma, lakini huwinda wadudu wanaoshambulia mkorosho, na zoezi la mzee sasa limo kwenye mpango wangu wa masomo: mti wenye viota vya maji moto na mti usio navyo, machipukizi yenye madoa yahesabiwe kote kuwili. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapo jirani tu, wamelifanyia kazi suala hili kitaalamu. Wanafunzi wanapolisoma baada ya kuumwa wenyewe, wanalielewa.

Lenzi ina mipaka yake. Ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu wa mikorosho, utauona kama unga mweupe na nyuzi zake, lakini kwa chembe mojamoja za mbegu za kuvu bado unahitaji hadubini. Skrubu ya bawaba hushika kutu kwa hewa hii ya bahari, kwa hiyo ipake tone la mafuta ya cherehani. Mchanga wetu nao hukwaruza kioo, usikipanguse kwa kanga kabla hujaupuliza. Na asubuhi ambazo majirani wanapuliza salfa ya kuzuia ubwiriunga, ahirisha kipindi. Ule unga unawasha macho.

Jambo moja naliomba kwa moyo wote kwa wanaosimamia mazingira ya vyuo: acheni kona moja isifagiwe. Majani makavu yakiondolewa kila alfajiri, wadudu wa ardhini hawaonekani na nusu ya somo inapotea. Sisi tumepewa nafasi ya miti mitatu, na tayari tunaona tofauti.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu ya skrubu. Ukienda dukani usivutiwe na zilizoandikwa mara 30, zinaonyesha eneo dogo mno na mkono ukitikisika kidogo hupati kitu. Za plastiki ziache. Hakikisha ina tundu la kupitishia kamba ya shingoni, kisha wafundishe wanafunzi kuisogeza lenzi hadi jichoni kwanza, ndipo walete ua karibu, sentimita mbili na nusu hivi, huku mwanga ukiliangukia ua.